Seattle walikosea kumchukua Suárez? Jibu kwa msomaji wa Kent

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na shemeji yangu tuko Kent, Washington, mashabiki wote wawili wa Mariners, timu ya besiboli ya Seattle, na tangu msimu wa 2025 uishe tuna ubishi mmoja haukauki. Yeye anasema kumchukua Eugenio Suárez kutoka Arizona ilikuwa hasara tupu, jamaa alikuja akapiga wastani wa .189 tu, yaani hata mipira 2 katika kila majaribio 10 haifiki. Mimi nasema ile homurani, ule mpira alioupiga ukavuka ukuta, ya mechi ya 5 ya fainali ya American League dhidi ya Toronto peke yake imelipa kila kitu. Nani yuko sahihi? Na kwa ujumla timu ikiona inakosa mpigaji wa nguvu, itoe vijana wake au ivumilie? Na Arizona je, si ndio waliibiwa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na shemeji msalimie. Niseme mapema msimamo wangu: tredi, yaani kule kubadilishana wachezaji, ilikuwa sahihi, ila sababu unayoitoa wewe siyo, na ya shemeji ndio siyo kabisa. Wote wawili mnaihukumu kwa mambo yaliyotokea baadaye, shemeji anaangalia Agosti na Septemba, wewe unaangalia usiku mmoja wa Oktoba, wakati watu waliokaa mezani mwisho wa Julai hawakuwa na hiyo Agosti wala hiyo Oktoba mkononi. Walikuwa na kile walichokijua siku ile basi. Kwa hiyo turudi siku ile.

Walijua nini? Kuna mtu wa miaka 34, Mvenezuela, ameshapiga homurani 36 na msimu bado una miezi miwili. Mwezi wa 4 tarehe 26 alipiga homurani 4 ndani ya mechi moja dhidi ya Atlanta, kitu ambacho kwenye historia yote ya ligi kubwa wachezaji waliowahi kukifanya hawafiki hata 25, afu Arizona wakafungwa hiyo hiyo mechi 8-7 kwenye awamu ya 10. Hiyo naomba uikumbuke, nitaihitaji mbele. Tena Seattle hawakuwa wanabahatisha mtu wasiyemjua, alicheza kwao 2022 na 2023, wanajua jinsi wenzake wanavyompenda, na wanajua ubaya wake pia kwamba huwa anaukosa mpira sana, 2023 alitolewa kwa straiki mara 214 na hakuna aliyemzidi kwenye American League nzima, ile nusu moja ya ligi kubwa ambayo Seattle wamo, nusu nyingine ni National League. Yaani hakuna siri. Na wanajua mkataba wake unaisha msimu ukiisha.

Upande wa pili walijua besi yao ya tatu ilivyo. Ben Williamson alikuwa kijana mwenye mikono safi, mpira ukipigwa kwake umekwisha, lakini msimu mzima alikuwa na homurani 1. Moja. Besi ya tatu ni nafasi ambayo timu nyingi zinategemea ipige kwa nguvu, sasa wewe una shimo pale na timu yako ina Cal Raleigh aliyemaliza mwaka na homurani 60. Mpigaji kama huyo akifuatwa na watu wasiotisha, mrushaji wa timu pinzani anakuwa na raha, anamnyima mipira mizuri anamwachia aende besi ya kwanza bure, anasubiri wanaofuata awamalize. Hilo shimo ndio lilikuwa linazibwa.

Na walitoa nini? Tyler Locklear, kijana wa miaka 24 wa besi ya kwanza aliyekuwa anapiga vizuri pale Tacoma kwenye ligi ya chini, pamoja na warushaji wawili vijana wa kutokea akiba, Juan Burgos na Hunter Cranton. Sasa angalia, wiki moja kabla ya hapo Seattle walikuwa wameshamchukua Josh Naylor kutoka kwa hao hao Arizona, wakamweka besi ya kwanza. Kwa hiyo Locklear alikuwa na mlango umefungwa mbele yake. Colt Emerson hawakumtoa, Lazaro Montes hawakumtoa, Kade Anderson waliyemchagua mwezi huo huo kwenye nafasi ya 3 ya drafti, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya, bado wa kwao. Chipukizi wote wakubwa walibaki nyumbani.

Hapa ndipo watu wetu wengi tunapopotea, maana tumekulia mpira wa miguu. Tumezoea dirisha dogo likifunguliwa timu inatoa hela, straika anashuka uwanja wa ndege anapokelewa na ngoma, na hela ya usajili ni ya tajiri, shabiki haimuumi. Kwenye besiboli ada ya usajili kwa maana hiyo haipo. Ukitaka mchezaji wa mwenzako unatoa mchezaji wako, na kwa kuwa anayeuza kwa kawaida ni timu iliyokata tamaa ya mwaka huo, hataki mkongwe wako, anataka kijana wako wa miaka 19 ambaye bado analala kwenye basi za ligi ndogo. Kwa hiyo kila mpigaji unayemleta Julai kuna kijana unamuaga, na huyo kijana utakuja kumwona baadaye kwenye televisheni na jezi ya watu wengine. Ndio maana ubishi wake unakuwa mkali hivi, sio ubishi wa kijinga hata kidogo.

Mimi nikitazama tredi kama hizi swali langu la kwanza halihusu homurani. Nauliza tunanunua Oktoba ngapi. Oktoba ndio mwezi wa mtoano, ndio mwezi ambao mashabiki wa Seattle wameukosa miaka mingi, na mchezaji unayemnunua anakuja na idadi yake ya Oktoba imeandikwa kwenye mkataba. Suárez alikuja na moja. Bei yake ilikuwa ya Oktoba moja na ndio maana ilikuwa ndogo.

Sasa mlinganishe na Juan Soto, kwa sababu ile ndio tredi ambayo kila mtu anaitaja timu yake ikitaka mpigaji. Mwaka 2022 Washington, timu ya mji mkuu sio jimbo lenu, walimwekea mezani mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 440 akakataa, ana miaka 23, ameshashinda World Series, fainali ya ubingwa, 2019. Wakaamua kumuuza. Tarehe 2 Agosti San Diego wakamchukua pamoja na Josh Bell, na walichotoa mpaka leo kinaumiza: CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell III, Jarlin Susana na mkongwe Luke Voit. Wood wakati huo alikuwa na miaka 19, kijana mrefu wa mita 2 ambaye nje ya watu wa besiboli hakuna aliyemjua. Mwaka 2025 Wood kapiga homurani 31 na kaenda mechi ya nyota, Gore kaenda mechi ya nyota mwaka huo huo, Abrams alishaenda 2024. Ukisoma hiyo orodha peke yake unasema San Diego walikuwa na wazimu.

Lakini walikuwa wananunua Oktoba 3. Mkataba wa Soto ulikuwa unamfunga mpaka mwisho wa 2024. Na sikiliza hapa vizuri maana hapa ndipo shemeji atakapokwama: miezi miwili ya kwanza ya Soto pale San Diego ilikuwa mibovu, .236 na homurani 6 kwenye mechi 52. Huyo ndio Soto, mmoja wa wapigaji wenye jicho zuri kuliko wote waliozaliwa miaka hii! Hata hivyo timu ikawatoa Mets walioshinda mechi 101, ikawatoa Dodgers walioshinda 111, ikaja kufungwa na Philadelphia kwenye fainali ya National League. Mwaka uliofuata Soto akacheza mechi zote 162 akapiga homurani 35, na timu ikamaliza 82-80, ushindi 82 na kufungwa 80, ikakosa mtoano kabisa. Mpigaji kafanya kazi yake, Oktoba imepotea hivyo hivyo. Wakabaki na Oktoba moja mkononi, hawakuisubiri, Desemba 2023 wakampeleka Yankees na ndani ya kifurushi walichopokea alikuwemo Michael King, mrushaji ambaye 2024 aliibeba timu yao kiasi kikubwa, na Drew Thorpe ambaye walimgeuza wakamtumia kumpata Dylan Cease. San Diego 2024 wakashinda mechi 93 bila Soto. Yankees nao wakaila ile Oktoba moja vizuri sana, Soto kapiga homurani 41, kapiga ile ya mikimbio 3, yaani pointi 3, kwenye awamu ya 10 kule Cleveland iliyowapeleka World Series, wakafungwa na Dodgers mechi 4 kwa 1, na Desemba huyoo kaenda Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765.

Unaona sasa kwanini nasema muda ndio bidhaa yenyewe. Kosa la San Diego lilivumilika kwa sababu walikuwa na muda wa kurekebisha na muda wa kuuza tena. Ukinunua miezi miwili hakuna kurekebisha na hakuna kuuza tena, ukikosea umekosea. Kwa hiyo kwa miezi miwili usitoe kitu ambacho kitakuliza. Seattle wangemtoa Colt Emerson kwa Suárez mimi leo ningekuwa upande wa shemeji na ningepiga meza.

Kuna na upande wa kununua Oktoba nyingi kupita kiasi, niuguse kidogo. Juni 2025 San Francisco walimchukua Rafael Devers kutoka Boston na mkataba unaofika mpaka 2033, zaidi ya dola milioni 250 zilizobaki wakazibeba wao. Boston walishagombana naye kuhusu nafasi ya kucheza, walimleta Alex Bregman akae besi yake ya tatu, afu Triston Casas alipoumia wakamtaka aende besi ya kwanza akagoma. Wakamuuza. Kilichofuata, Boston waliouza mpigaji wao mkubwa wakaingia mtoano, San Francisco walionunua wakamaliza 81-81. Simaanishi Devers ni mbaya, kapiga homurani 35 mwaka huo. Namaanisha mpigaji mmoja anapanda gongoni mara 4 au 5 kwa mechi halafu anarudi kukaa, wenzake 8 ndio wanapiga zilizobaki, na mrushaji anayeanza ana uzito kuliko yeye siku ile. Ndio ile mechi ya Atlanta niliyokuambia uikumbuke. Homurani 4 za mtu mmoja, na timu ikalala.

Sasa tupige hesabu, maana naona mnabishana bila namba za kutosha. Kanuni ambayo wachambuzi wa besiboli wameitumia miaka mingi ni kwamba mikimbio 10 ya ziada ni kama ushindi 1. Homurani kwa wastani ina thamani ya mikimbio 1.4 hivi, kwa sababu wakati mwingine kuna watu kwenye besi na wakati mwingine hakuna, na kila mtu anapotolewa timu inapoteza kama robo ya mkimbio. Mpigaji wa nguvu aliye mzuri, sio bingwa wa ligi, kwa msimu mzima anakuongezea kama ushindi 3 au 4 ukilinganisha na mtu yeyote ambaye ungemwita tu kutoka ligi ya chini. Miezi miwili ni theluthi ya msimu. Kwa hiyo kila ukisikia Julai watu wanapiga kelele fulani aletwe fulani aletwe, jua wanagombania kitu cha ushindi 1, siku nzuri sana labda 1 na nusu.

Ni kidogo eh? Inategemea umesimama wapi. Timu yenye ushindi 100 haina shida nao, timu itakayomaliza na 70 haitaujua ulipo. Lakini angalia American League ilivyoisha mwaka 2025. Seattle ushindi 90, wakachukua kundi lao la magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2001, na kwa ushindi huo 90 wakaruka raundi ya kwanza ya mtoano wakapumzika. Houston 87, wakakosa mtoano wote! Detroit nao walikuwa na 87 wakaingia kwa sababu kanuni ya timu zikilingana iliwapa faida juu ya Houston. Kati ya kupumzika ukisubiri mpinzani na kukaa nyumbani ukiangalia wenzako kulikuwa na ushindi 3 tu. Pale ndipo ushindi 1 unapokuwa ghali kuliko dhahabu, na mwisho wa Julai Seattle walishaona kabisa wataangukia hapo hapo. Hiyo ndio sababu ya kwanza kwamba walifanya vizuri na haina uhusiano wowote na jinsi Suárez alivyopiga baadaye.

Tuje kwenye hiyo .189 ya shemeji. Ni kweli, kwenye mechi 53 akiwa Seattle ndio wastani aliopiga, inauma kuisoma. Ila alipiga na homurani 13 humo humo akamaliza mwaka na 49, yaani wastani wa kupiga ulishuka lakini nguvu haikupotea. Na uwanja, ndugu yangu, nyie mko hapo mnaujua. Seattle hewa yake ni nzito na ya baridi, mpira ambao Phoenix unavuka ukuta pale T-Mobile Park unamkuta mdakaji amesimama anausubiri, na wapigaji kwa miaka mingi wamelalamika kwamba pale hawauoni mpira vizuri ukitoka mkononi kwa mrushaji, kutolewa kwa straiki ni kwingi kuliko viwanja karibu vyote. Mpigaji wa aina ya Suárez, anayezungusha gongo kwa nguvu zote na kukosa mara nyingi, uwanja kama ule unamkata zaidi ya wengine. Naylor ambaye anagusa mpira tu na hatolewi kwa straiki kirahisi alikuja uwanja huo huo akapiga .299, akaiba besi 19 kwenye mechi 54, na Novemba wakampa miaka 5 na dola milioni 92.5. Kama shemeji angesema kati ya wale wawili wa Arizona Naylor ndio aliyewafaa zaidi ningemwunga mkono bila kusita. Lakini kusema tredi ya Suárez ilikuwa hasara tupu kwa mechi 53, hapana, mechi 53 mpigaji yeyote anaweza kuonekana hovyo, tumemwona Soto.

Na wewe sasa. Ile mechi ya 5 naikumbuka na nadhani kila mtu aliyekuwa Seattle usiku ule ataikumbuka mpaka azeeke. Toronto wanaongoza 2-1 awamu ya 8, mkimbio huo mmoja wa Seattle nao ni homurani ya Suárez huyo huyo awamu ya 2, Raleigh anapiga homurani inakuwa 2-2, besi zinajaa, Suárez anapiga ule mpira unaenda upande wa kulia unavuka, 6-2, watu wanalia. Seattle wanaongoza 3-2, wamebakiza ushindi 1 tu kufika World Series, timu pekee ya ligi kubwa ambayo haijawahi kufika. Naelewa kabisa kwanini unasema imelipa. Lakini wakaenda Toronto wakafungwa mechi ya 6, mechi ya 7 wanaongoza 3-1 awamu ya 7 George Springer akapiga homurani ya mikimbio 3, 4-3, basi. Sasa kama hoja yako ni mpira ule mmoja, shemeji atakuambia Springer kaufuta, na hutakuwa na jibu. Shika hoja ya Julai. Julai haifutiki na Springer: shimo kubwa, bei ndogo, Oktoba moja katika mwaka ambao ushindi 1 ulikuwa na maana.

Kuhusu kutoa vijana au kuvumilia kwa ujumla, mimi sina jibu moja la kila timu na simwamini mwenye nalo. Ninachoangalia ni kama kijana anayetoka ana mlango mbele yake. Locklear alikuwa hana, maana Naylor amekaa. Abrams na Wood walikuwa nao, wangecheza San Diego mpaka leo, na ndio maana bei ya Soto ilikuwa nzito kweli hata kama ililipika. Mwenye mlango umefungwa muuze na usimlilie akienda kung'aa kwingine, kwako asingeng'aa, angekaa Tacoma anazeeka.

Arizona kuibiwa? Hapana, na hapa kuna kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui. Mchezaji akimaliza mkataba akiwa na timu yako msimu mzima unaweza kumpa ofa ya mwaka mmoja kwa kiwango kilichopangwa na ligi, baada ya msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 22.025, akiikataa na kusaini kwingine wewe unapewa nafasi ya ziada kwenye drafti. Akiuzwa katikati ya msimu hiyo haki inakufa, aliyemnunua haipati. Kwa hiyo Arizona walikuwa na chaguo la kukaa naye, ila mtu wa miaka 34 aliyekuwa analipwa milioni 15 ukimwekea milioni 22 mezani anaweza kukuambia asante naichukua, na wewe timu yako ndio kwanza unaibomoa. Wakachukua vijana 3 wanaojulikana badala ya nafasi 1 ya drafti isiyo na uhakika. Locklear alipoenda kule alipata kile alichokikosa Seattle, besi ya kwanza ya ligi kubwa iliyoachwa wazi na Naylor, akacheza mechi 31 akapiga .175 kabla hajaumia. Mwambie shemeji na hizo ni mechi 31 tu.